Fimbo Niliyoiacha Baharini

Fisi Maji wangu,

Kaka, sijui uko pembe gani ya Kongo, kwa hiyo barua hii nimeiacha wazi. Nampa kila anayevuka ziwa kutoka hapa Karema, aisome, awasomee na wenzake, mpaka siku mtu aseme, "Huyu namjua, anapakia mizigo kule kwetu." Kaa chini kwanza. Nimetazamana na papa, macho kwa macho. Mimi!

Unakumbuka ulivyokuwa unatupeleka kuoga? Kwanza fimbo. Kabla mtu hajatia mguu ziwani unayachapa maji, pwaa! pwaa!, na wadogo wanapiga kelele nyuma yako mamba akimbie. Mimi nilibaki mchangani na nguo za wenzangu. "We mlinzi wa kaptula," ulinicheka, "asiyeyapiga maji anarudi nusu." Neno hilo nilipanda nalo treni pale Mpanda, mimi na Mashaka wa Kakese, tukaenda Dar es Salaam kupakua magunia.

We unanijua, kitu nisichokielewa kinaninyima usingizi. Kila nikitoka kazini nakwenda sokoni kwa Bi Zuhura, muuza papa. Aliniacha nishike meno, pua, ile ngozi inayokwaruza kama msasa.

"Mtu si chakula chake, mwanangu," aliniambia. "Yeye hufuata damu na mshindo, akidhani samaki anakata roho. Usioge wanapooshea samaki. Usioge jua likizama, wala maji yakiwa na tope. Ukimwona, usimpe mgongo."

Nikamweleza habari ya fimbo yetu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi watu wa bara! Mnampigia papa ngoma aje kula?"

Nikamwambia Mashaka. Wapi! "Mamba ni mamba hata akitiwa chumvi," akasema, akakata fimbo yake.

Jumapili hiyo akaingia baharini hadi kifuani, anachapa maji, pwaa! pwaa! Mimi nimesimama maji ya magoti, namkataza. Ndipo nikaona pezi. Chini yake kivuli kirefu kama mtumbwi wa mtu mmoja. Mashaka naye kakiona, akazidi kuchapa. Kila fimbo ikitua, kivuli kinasogea. Nisikudanganye kaka, miguu yangu ilitaka mchanga. Ila safari hii hakukuwa na kaptula za kulinda. Kulikuwa na Mashaka.

Nikaingia, polepole, bila kurusha maji. Nikamnyang'anya fimbo, nikaiachia mawimbi.

"Umetuua!"

"Nyamaza. Mtazame."

"Ananila, ndugu yangu!"

"Mtazame tu!"

Nikamshika mkono, tukarudi kinyumenyume. Papa anazunguka, na sisi tunageuka naye. Lile jicho jeusi halikuwa na hasira, lilikuwa linauliza tu. Maji yakashuka kiunoni, yakashuka magotini. Papa akageuza mkia, akaenda zake kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Weee! Nilipiga yowe mpaka wavuvi wakatukimbilia. Mashaka alilala kifudifudi amekumbatia mchanga, hataki kuuachia. Bi Zuhura akatukaangia papa, nikala vipande vitatu, kimoja kwa niaba yako.

Sasa nimerudi, na nani anawafundisha wadogo kuogelea? Mlinzi wa kaptula! Ziwani bado tunachapa maji vilevile ulivyotuachia. Lakini nawaambia, kila maji yana mwenyewe, muulizeni kwanza anayemjua. Wananisikiliza, halafu wanabisha: "Fisi Maji asingeitupa fimbo!" Hapo nakwama, maana wewe ndiye uliyetufundisha kuishika.

Basi nijibu mwenyewe, kaka. Papa yuko mbele, rafiki anatetemeka ubavuni, na fimbo yako iko mkononi. Ungefanya nini?

Mdogo wako, ambaye siku hizi nguo zake zinalindwa na wengine.