Kabla Hujaja Lircay

Santiago, Alhamisi jioni

Mpendwa mdogo wangu Nayaret,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na Mama na huyo mpwa wangu mtukutu. Je, kikohozi cha Benjamín kimepungua? Na magoti ya Mama yanavumilia baridi ya mwaka huu, au bado anapanda kile kilima cha kwetu kwa ubishi wake, akikataa kushikwa mkono? Mimi huku ni mzima, ila usingizi sipati, na sababu utaijua ukisoma mpaka mwisho.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nani siku hizi anamwandikia mwenzake barua? Lakini simu ninayotumia nimepewa na kampuni, na tangu nipewe sijaiamini hata siku moja. Kwa hiyo barua nimempa binamu yetu Rosamel, apite nayo kwenye basi lake akija Talcahuano, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si Mama. Ukimaliza kuisoma itie kwenye jiko la kuni.

Nayaret, nilipata ujumbe wako kwamba Lircay, kampuni yangu, wamekuita kwenye usaili Jumanne ijayo, hapa makao makuu, kwa kazi ya msaidizi katika idara ya manunuzi. Ulisema Mama alilia kwa furaha na jirani akaleta keki. Mimi nikakujibu neno moja tu, "Vizuri." Mama akanipigia kunigombeza kwamba nina kijicho, kwamba nimeshiba kwenye kampuni ya maduka makubwa na sasa sitaki mdogo wangu naye ale. Usidhani sijui shida yako. Tangu wakufukuze dukani kwa kuongoza ule mgomo, hakuna duka huko linalotaka kukuona, na baba yake Benjamín hatumi hata salamu. Kazi hii unaihitaji, na ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na usaili wangu mimi wa kazi hiyohiyo, mwaka jana. Tulikuwa watano katika chumba cha kusubiri cha ghorofa ya tisa. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia kwamba Lircay wanaanza kukuchunguza tangu unaposhuka kwenye lifti, basi hakuna aliyekaa kama binadamu wa kawaida. Kijana mmoja mwenye tai, Fabricio Oyarce, alininong'oneza kwamba mzee anayepiga deki ni mkurugenzi aliyejigeuza. Maneno yakazunguka chumba kizima, na yule mzee akasalimiwa kama askofu. Binti mmoja, Pascuala, aliokota kipande cha karatasi sakafuni akakitia kwenye pipa la taka. Fabricio, kuona hivyo, akadondosha risiti yake mwenyewe ili na yeye apate cha kuokota. Nilicheka kimoyomoyo, lakini na mimi nilikuwa nimekaa wima mpaka mgongo unauma, macho kwenye saa ya ukutani, nikiamini ndani yake kuna kamera.

Unanijua. Nyumbani mlikuwa mkiniita Bi Mashaka. Mle ndani nilimshuku dada wa mapokezi kwa kuandika mno, nikamshuku aliyeleta maji kwa kutabasamu mno, na Fabricio mwenyewe nikamshuku kwa kujua mno. Mtu ambaye mtu yeyote angemwamini alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Mireya, mwombaji kazi kama sisi, kavaa sweta iliyochakaa viwiko, anahema kwa kupanda ngazi kwa sababu lifti anaiogopa. Alipoingia alitubusu sote shavuni, mmoja mmoja, kama ilivyo kawaida, akaomba radhi kwa mashavu yake ya baridi.

Kwanza walitupa karatasi na penseli, tuchore mtu aliye chini ya mvua. Mtihani huo unaujua. Nani katika nchi hii hajafundishwa na binamu yake namna ya kuuchora? Weka mwavuli mkubwa, mvalishe viatu, mfanye atabasamu, usichore radi, usisahau ardhi chini ya miguu, la sivyo watasema wewe ni mtu wa kuvunjika moyo upesi. Tulichora sote miavuli mipana kama mapaa ya sokoni. Mwanasaikolojia wao, Bi Loreto, akazikusanya zile picha bila kuzitupia jicho, akazifungia kabatini, akasema tupumzike, chai ipo. Hapo nikashtuka. Nilijiuliza mtu anawezaje kutoa mtihani asitake kuona majibu.

Wenzangu hawakujiuliza. Walikuwa wameshachora, waliona hatari imepita, mabega yakashuka. Bi Mireya akatoa kwenye mkoba mkate wa parachichi, akaukata vipande, akatugawia. Kisha akaanza kuwalalamikia wajukuu zake, wanaongoja siku ambayo bibi ana shughuli ndipo wapate homa, na kila mtu akafunguka. Pascuala alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ana mimba changa na hatasema kwa mtu mpaka mkataba uwe umesainiwa. Fabricio akasema aliachishwa kazi ya ghala kwa sababu alikuwa akiwaandikisha wenzake kwenye chama cha wafanyakazi, na akasema kwa kujisifu kabisa. Mimi Bi Mireya aliponiuliza kama nina watoto, nilimuuliza mkate ule kaununua wapi. Aliponiuliza naishi wapi, nikamtajia Ñuñoa, mtaa wa wenye kujiweza, kwa mama yangu wa ubatizo, kama nilivyoandika kwenye wasifu wangu. Wewe unajua nilikuwa nimepanga chumba cha uani kule La Pintana, na unajua anwani ya La Pintana haimpi mtu kazi kwenye majengo ya vioo. Mama wa watu hakuwa amenikosea chochote. Nilijifunga mdomo kwa tabia tu.

Baada ya muda nikapigiwa simu kwamba kazi nimepata. Pascuala na Fabricio, ambao tulikuwa tumepeana namba, hawakupigiwa. Nilivimba kichwa, Nayaret. Nilijua ni akili zangu.

Siku ya kuanza kazi, Bi Loreto hakunipeleka idara ya manunuzi. Alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na humo nikamkuta Bi Mireya amekaa anakunywa chai, kitambulisho cha kampuni shingoni, kavaa koti safi la kiofisi. Alinibusu shavuni kama mtu aliyemkuta mpwa wake.

"Wenzako siku ile walinimwagia kila kitu, mwanangu," akaniambia. "Wewe nakuuliza watoto, unaniuliza mkate. Nikamwambia Loreto, huyu ndiye. Mimi uso wangu umeshachuja, hata sokoni watu wananitambua."

Sasa umejua, mdogo wangu. Sijawahi kufanya kazi ya manunuzi. Zile habari za wauza viatu wa Brazili nilizokuwa nikiwasimulia mezani, mpaka Mama akazipeleka kwa majirani, nilizitunga kichwani. Sheria inazikataza kampuni kumuuliza mwombaji kazi kama ana mimba, kama ana mtoto mdogo, kama aliwahi kugoma. Kwa hiyo wao hawaulizi. Anayeuliza ni yule mwenzako aliyekaa kiti cha pembeni, anayetokwa jasho la viganja kama wewe. Mwenzako huyo ni mimi. Nakaa pale kama mwombaji kazi, nachora mwavuli wangu, nakunywa chai na watu, halafu nakwenda nyuma ya mapokezi kumweleza Bi Loreto kila nilichosikia.

Naona aibu, na sitaki unitafutie visingizio. Majuzi msichana mmoja aliniazima shali yake kwa sababu nilisema nasikia baridi, akaniambia ana kitoto kinachonyonya bado, na tulipoachana akanikumbatia akaniombea nipate kazi mimi. Nikaingia ndani nikasema ana mtoto anayenyonya. Pesa ninayowatumia kila mwisho wa mwezi ndiyo hiyo. Nilijaribu kutafuta kazi nyingine, nikaalikwa kwenye usaili wa kampuni ya bima, nikashindwa hata kumjibu jirani yangu wa kiti aliponiuliza jina. Siku hizi mtu akinipisha tu njia nashuku anataka kitu.

Tuje kwenye Jumanne. Nilipoona jina lako kwa walioitwa, nilimwambia Bi Loreto kwamba siku hiyo nina miadi ya daktari wa meno. Akasema jino linaweza kungoja Jumatano. Kisha akaniangalia, akaniuliza:

"Huyu Nayaret wa Talcahuano, jina la upande wa mama yake ni Carrasco kama wewe. Ni nduguyo?"

Nikashukuru kwamba baba zetu ni tofauti, na majina ya upande wao hayafanani. Nikamwambia akina Carrasco wamejaa nchi nzima, kila mlango una wake. Akatabasamu, na lile tabasamu sikulipenda. Tangu hapo nawaza bila kupumzika. Kwa nini katika waombaji wote wa kusini wamekuita wewe peke yako? Yawezekana ni bahati yako. Yawezekana pia wamekuita ili wanipime mimi, na kwamba Jumanne chumbani atakuwepo mwingine nisiyemjua, aliyewekwa pale kunisikiliza mimi kama mimi ninavyowasikiliza watu. Kwa hiyo siwezi kukaa kimya mbele yako, wala siwezi kukufichia jambo ukishalitamka.

Nilitaka nikuandikie usije. Lakini kazi ile ipo kweli, mshahara wake ni wa kweli, na wewe unaiweza kuliko wengi waliomo humu. Basi njoo. Ukiingia utubusu sote shavuni, na mimi unibusu kama mtu wa njiani, usinishike bega, usinichekee kwa macho kama unavyofanya ukitaka kuniangusha kicheko. Anwani ya Ñuñoa usiiguse, mimi nimeshaitumia. Ukiulizwa utakaa wapi hapa Santiago, taja ya Rosamel. Habari ya mgomo usimwambie mtu yeyote, hata awe analia machozi. Yule mzee anayepiga deki mwogope kidogo tu, huyo nimeshahakikisha, ni mpiga deki.

Wakati wa chai nitakuja kukaa karibu nawe. Nitakuwa mpole kuliko dada yako alivyowahi kuwa, na nitakuuliza kama una mtoto, kwa sababu yupo atakayesikiliza kama nimeuliza. Nakujua wewe. Ukisikia neno mtoto mkono unakimbilia picha. Siku hiyo picha zibaki nyumbani. Nitazame usoni, mimi niliyemkata Benjamín kitovu siku mkunga alipochelewa, uniambie huna mtoto. Na useme vizuri, Nayaret, usitetemeke, maana nitakachokisikia ndicho nitakachokwenda kukisema.

Mama usimweleze lolote. Mwambie kijicho sina na namkumbuka kila siku. Mpe mpwa wangu busu la kila shavu, msalimie na jirani wa keki. Nakutakia safari njema, na kofia usisahau, huku asubuhi kuna baridi kali.

Ni mimi dada yako, ambaye Jumanne hunijui,

Yasna