Njoo na Mama Yako, Anasukwa Bure

Jumatano, 10 Mei 2023

Saluni tupu tangu Pasaka. Wateja wamehamia jengo jipya lenye viyoyozi. Mma Gosego, mwanamke ninayesuka naye, kanishauri nitume meseji ya ofa, mbona hata wenye bucha wanatuma! Nimetuma kwa namba zote za wateja: "Siku ya Mama! Jumamosi njoo na mama yako, onyesha meseji hii, yeye anasukwa bure. Onalenna Moatlhodi, karibu na stendi, Francistown."

Mma Gosego kacheka: anayewaita mama za watu hana wa kwake! Ni kweli. Mama alifia Johannesburg nikiwa na miaka sita. Bibi ndiye aliyenilea.

Ijumaa, 12 Mei

Simu haipumui! Kumi na tisa wanakuja. Hata Tshiamo, yule msichana anayesomea uuguzi, mteja wangu tangu mwaka jana. Anasema mama yake si mtu wa kutoka, ila aliposoma ile meseji aliishika simu muda mrefu. Kisha akasema, twende.

Jumamosi, 13 Mei

Watu walijaa mpaka nje. Saa nane akaingia Tshiamo na mama yake, mwanamke mrefu, mpole, haongei. Nikamkalisha. Nikaanza kusuka. Nilipofika katikati ya kichwa nikamwona kwenye kioo, ananitazama mikono.

"Bado unashika kitana kwa mkono wa kushoto," akasema.

Nikacheka. Nani kakwambia, Mma?

"Nilikupiga sana kwa ajili ya mkono huo. Nisamehe."

Kitana kikaanguka. Tshiamo akaruka: "Mama! Unamjua wapi dada Onalenna?"

"Ni mwanangu. Wa kwanza."

Nikatoka mlango wa nyuma. Nikamwacha nusu kichwa.

Nimempigia bibi. Nimemwambia: yu hai! Amekaa kwenye kiti changu! Nikangoja akatae, alie, aseme nimerogwa. Bibi akauliza:

"Amenenepa, au bado mwembamba?"

Alijua! Miaka ishirini na tatu alijua!

Eti mama alipoacha kurudi, bibi aliona heri nimlilie mara moja kuliko kumngoja kila siku mlangoni. Nikakata simu.

Na Tshiamo — mwaka mzima namsuka mdogo wangu, namtania kwa nywele zake ngumu kama zangu.

Jumapili, 14 Mei

Leo hatufungui. Nimekuja saluni kujificha. Nimejifungia ndani, pazia chini.

Mma Gosego kapiga simu, anapita kwenda kanisani: mama yule yupo nje, Onalenna. Peke yake. Kajifunga kitambaa kichwani. Nimfukuze?

Nimesema ndiyo. Halafu nimesema hapana. Halafu nimesema sijui, Mma, sijui!

Sasa anagonga. Polepole. Haniombi msamaha, hajielezi. Anaita jina langu tu — kama mtu anayemwita mtoto aje ale, chakula kinapoa.

Nimeshasimama. Sikumbuki nimesimama saa ngapi.