Saa Mbili ya Ruiru

Jumatatu, 3 Februari

Nimemaliza kuunganisha mashine za Thika, isipokuwa ya maabara, ambayo ina kiburi. Kila kompyuta ya hospitali sasa inatuma logi zake kwenye seva moja ofisini kwangu: nani ameingia, saa ngapi, amefungua nini. Zamani kila mashine ilijua yake na kunyamaza. Najivunia. Sina wa kumwambia. Mume wangu husinzia nikifika neno la pili.

Tawi la Ruiru lilikuwa limebakiza seva ya masijala. Betri ya saa yake ilikufa, dereva akapeleka mpya. Mzee Wafula wa masijala ameiweka mwenyewe leo asubuhi, nikimwelekeza kwa simu. Weka tarehe ya leo. Weka saa mbili. Akaweka. Kabla ya kukata simu akasema kama kawaida yake, "Mungu akubariki, mama." Chai yangu ikapoa.

Alhamisi, 13 Februari

Matokeo ya vipimo vya msichana mmoja yamezagaa Ruiru. Mama yake amelia ofisini kwa daktari mkurugenzi mpaka tukasikia huku. Daktari akaniita. Nitafute kwenye logi ni nani amefungua faili ile.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Hii ndiyo kazi niliyoijenga.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepata. Ni Wafula. Faili ya msichana, seva ya masijala, saa nane usiku na dakika kadhaa. Tena si mara moja. Kila siku ya kazi anaingia saa hiyo ya wachawi. Anakaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali na ufunguo anao. Logi za Ruiru huja kwa mkupuo mmoja jioni, laini yao ni dhaifu, kwa hiyo sina kingine cha kulinganisha.

Daktari akasoma, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikasema mashine haina sababu ya kudanganya. Nilisema hivyo mimi mwenyewe.

Jumatatu, 17 Februari

Kikao Ruiru. Wafula alikuja na koti lake la kanisani. Akaulizwa anafanya nini masijala usiku.

"Daktari, mimi usiku hulala."

Basi. Soja wa usiku akasema hajawahi kumwona mtu, akaambiwa basi na yeye hulala. Watu wakacheka kidogo. Kisha Wafula akanigeukia.

"Njeri, hiyo mashine wewe unaijua. Waambie."

Nikawasomea karatasi ya logi.

Alhamisi, 20 Februari

Dereva ananiambia kanisa limemwomba Wafula akae kando kwenye uzee wa kanisa mpaka mambo yaishe. Ni mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, hapa hana ukoo. Kanisa ndilo ukoo wake.

Ijumaa, 21 Februari

Wamemfuta kazi. Na nyumba ametakiwa kuihama.

Jumanne, 25 Februari

Siku mbaya. Niandike haraka.

Nilikuwa Ruiru kumfundisha kijana aliyechukua nafasi ya Wafula. Stima ikapotea saa tisa alasiri. Seva ikazimika, maana betri yake ya akiba ni pambo tu. Jenereta ilipowaka nikafungua logi nione ilizimika vipi. Imeandika 09:00. Nikasoma: saa tisa. Sawa. Nikaendelea mbele.

Kisha nikarudi.

Mashine haihesabu saa kuanzia macheo kama cucu, nyanya yangu. Tisa ya mashine ni saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri ingeandika 15:00.

Nilimwambia weka saa mbili. Akaandika mbili. Mimi nilimaanisha asubuhi ile tuliyokuwa nayo, mashine ikaelewa 02:00, saa nane usiku. Tangu siku hiyo kila asubuhi ya Wafula imekuwa usiku. Alikuwa anafika kazini saa mbili, anafungua matokeo ya maabara, anayapanga kwenye faili, kama alivyoajiriwa kufanya. Na hata akitazama pembe ya skrini, kwake ilikuwa sawa. Saa mbili, mbili.

Nikaenda choo cha wafanyakazi nikalia kwa sauti.

Jumatano, 26 Februari

Nimemwambia daktari. Akauliza kama tunaweza kulimaliza kimyakimya, bila karatasi. Nikasema hapana. Wafula alifutwa kwa karatasi, arudishwe kwa karatasi. Nimeandika mwenyewe kwamba lile neno, saa mbili, lilikuwa langu.

Jioni mama wa msichana akapiga simu kuomba msamaha. Kumbe aliyeyaeneza matokeo ni shangazi yake msichana. Alisimulia akisukwa nywele saluni.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeenda Kalimoni, ambako Wafula amepata chumba. Nimempa barua ya kumrudisha kazini. Akaisoma, akaikunja, mkewe akanimiminia chai. Nikaeleza yote, betri, saa, simu. Nikaomba msamaha.

"Uliniambia saa mbili. Na ilikuwa saa mbili."

Nikasema ndiyo, baba.

"Kazini nitarudi. Lakini siku ile, Njeri, nilikuuliza wewe. Sikuuliza mashine."

Nikamaliza chai, nikaaga.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri, mtaa wote wa Ngoingwa ni matope. Sasa mashine zote za Thika na Ruiru zinachukua saa mahali pamoja, hakuna mtu wa kuziwekea kwa mkono. Hata ya maabara imekubali.

Nilipiga simu masijala kuhakikisha. Wafula akapokea. Nikamuuliza skrini inasema saa ngapi. Akasema nane. Nikasema vizuri, ni saa mbili asubuhi. Akasema ameona.

Nikangoja ile baraka yake ya kawaida. Akakata simu.