Mfuko Mapajani mwa Rosalie

Barabara ya Ziwa Kettu,
Michigan ya Juu.
Jumatatu, 17 Novemba.

Kaka Arvid mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, goti limepungua uvimbe, wifi Janine hajambo, na jiko jipya la sauna limeacha kutoa moshi kama siku ile tulipotoka wote tunakohoa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako Gordon sikio la kushoto limeziba kabisa, anajibu maswali ambayo hakuulizwa, lakini anakula vizuri. Anataka kujua kama umepata kulungu mwaka huu. Nimemwambia sijui, maana wiki hii mimi na wewe hatujazungumza habari za kulungu.

Utashangaa dada anayeishi maili nne tu kutoka kwako anakuandikia barua na kuja kuiacha mlangoni kwako leo jioni bila kubisha hodi. Kwenye simu unanikatiza, Arvid. Unanikatiza, nami nakubali, kisha nakata simu nikijiuliza nimekubali nini. Kwenye karatasi utabidi unisikilize mpaka mwisho, na nakuomba usome peke yako.

Kwanza nikuambie ukweli: naogopa. Naogopa hata kuwasha taa ya barazani. Kila Novemba tangu nizaliwe nimesikia bunduki za wawindaji msituni na sijawahi hata kugeuza shingo. Mwaka huu kila mlio unanikuta nimesimama katikati ya jiko na kitambaa mkononi, nikisikiliza kama umetokea msituni au barabarani. Jumatano sanduku la barua la Rosalie LaBine lilipigwa risasi nne. Naibu wa sherifu alimwambia pengine ni mwindaji aliyekosea shabaha. Rosalie akamwambia, "Mwanangu, huyo kulungu alikuwa amesimama ndani ya sanduku langu?" Alinisimulia akicheka, huku akisogeza kiti chake mbali na dirisha.

Unamjua Rosalie. Miaka thelathini na moja aliendesha basi la shule, akawabeba wanao wote wawili kwenye barafu, wala hajawahi kuliingiza mtaroni. Mimi nimefanya naye kazi ya uchaguzi miaka kumi na minne. Yeye chama chao, mimi chama chetu. Kila siku ya kura za mapema tunakwenda pamoja kwenye sanduku la chuma lililo mbele ya ukumbi wa kata, tunazihamishia kura kwenye mfuko, tunaufunga kwa lakiri, tunaandika namba yake, tunaupeleka kwa karani wa kaunti tukiwa ndani ya gari moja. Hatutakiwi kuachana na mfuko, na hatutakiwi kuachana sisi kwa sisi. Sheria haikutuweka wawili kwa kuwa tunapendana. Ilituweka wawili kwa sababu vyama vyetu haviaminiani, na mimi naiona ni sheria yenye akili sana. Kupendana kulikuja baadaye kwa bahati, kwa sababu ya mkate wake wa iliki na vicheko vingi njiani.

Sasa umbea umejaa kaunti nzima. Ile video ya sekunde kumi na moja kila mtu anayo. Rosalie yuko peke yake garini, mfuko wa kura mapajani, mkono wake juu ya lakiri, anatazama kushoto, anatazama kulia, anainama. Haina sauti. Imeandikwa juu yake kwamba mwizi amekamatwa. Mgombea wetu ameshindwa kwa kura hamsini na nane, na mfuko ule ulikuwa na kura mia tatu na kumi na mbili. Hesabu hiyo kila mtu anaijua, hata wasiojua kujumlisha. Kesho saa tatu asubuhi bodi ya kuhakiki matokeo inakaa kuamua kama kura zote zile zitupwe, na kama jina la Rosalie lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Ana miaka sabini na moja.

Jana niliingia dukani kununua maziwa. Wanaume watatu walikuwa wamesimama kwenye mashine ya kahawa na makoti yao ya kuwindia ya rangi ya chungwa. Mmoja aliniuliza kwa sauti, "Mama Elna, yule shoga yako leo anaiba nini, mayai?" Wakacheka. Mwingine akasema mimi ni mtu wao, niachwe, nimedanganywa na yule bibi kizee. Nikatabasamu, kaka. Nikalipa maziwa yangu nikitabasamu, nikafika kwenye gari nikafunga milango yote.

Na yeye anapoulizwa hujibu jambo lilelile. Kwa karani alisema, kwa mwandishi wa gazeti alisema, kwa naibu wa sherifu alisema: fomu ya siku ile ina sahihi mbili, mwenzangu akiwa tayari atasema. Basi. Hajaongeza neno. Angeweza kuniharibia siku ya kwanza kabisa, akalala usingizi wake. Wiki mbili amesimama pale peke yake akitukanwa na watoto aliowafunga mikanda, akinisubiri mimi.

Sasa nakuja kwenye karatasi uliyoniletea Ijumaa. Niliisoma ukiwa bado mezani, na ulipoondoka nikaisoma tena mara tano. Inasema kwamba tarehe ile nilijisikia vibaya, kwamba Rosalie alinishusha uani kwangu, akaendelea peke yake na mfuko mpaka kwa karani, na kwamba nilitia sahihi kwenye fomu baadaye kwa kuwa alinishinikiza. Uliniambia nikitia sahihi yangu pale chini hakuna atakayenigusa. Uliniambia chama kinakumbuka watu wake. Nilipouliza Rosalie atafanywa nini, ulisema huo ni uamuzi wa bodi, ukaomba kahawa zaidi. Kisha ukasema si lazima tujue ni nani aliyepiga ile video.

Arvid, mwaka uliposhindwa kiti cha bodi ya shule kwa kura sita, mimi nilikuwepo. Ulitoka nje ukaupiga ukuta wa ukumbi teke, ukarudi ndani ukampa mkono aliyekushinda, na wiki iliyofuata ulikwenda kumsaidia kupanga viti. Nilijivunia sana. Niliwaambia watu wa kanisani kwamba kaka yangu anajua kushindwa. Sitaki kuamini kwamba mtu yule amekufa, maana nakula naye kila Jumapili.

Sasa nikuambie kilichotokea, na ukimaliza kusoma unaweza kunichukia.

Siku ile nilikuwa nimeacha pasti arobaini kwenye oveni, za kuuza kanisani. Ndiyo, pasti. Ningependa kukuambia kwamba Gordon alizidiwa, au nyumba iliwaka, lakini zilikuwa pasti za nyama na viazi, na njiani nikaanza kuziwazia zinaungua. Nyumba yangu iko njiani kuelekea mjini. Nilimwambia Rosalie asimame uani, dakika mbili tu. Alikataa. Nilimwomba, nikamtania, nikamwambia miaka kumi na minne hajawahi kunikatalia kitu, mpaka akakubali akiwa amekunja uso. Nikashuka nikamwacha na mfuko. Zilikuwa dakika tisa, maana niligeuza trei zote mbili.

Nilipotoka mlangoni nikamwona. Mfuko ulikuwa umeteleza kwenye kiti, akaupakata mapajani na kuufunika nusu kwa skafu yake nyekundu, kama bibi anayebembeleza mjukuu. Nikacheka. Nikatoa simu, nikavuta picha karibu, nikapiga video.

Mimi, Arvid. Ni mimi niliyeipiga.

Ile niliyopiga ina sekunde thelathini na nane na ina sauti. Nasikika nikicheka na kusema, "Jamani mwoneni Rosalie, kura zimemlalia!" Naye anashusha kioo, anatazama huku na huku kama kuna mtu anatuona, anasema, "Elna, acha utoto, rudi garini. Hatutakiwi kuuacha huu mfuko hata dakika moja. Rudi sasa hivi." Maneno hayo yamekatwa. Wamebakiza uso wake tu anavyotazama pande zote, nao ulikuwa uso wa mtu anayeitafuta sheria irudi kukaa kwenye kiti chake.

Tulipofika kwa karani, namba ya lakiri ililingana na ile tuliyoandika kwenye sanduku. Haikuguswa. Lakini fomu inauliza kama tuliachana, na mimi niliandika hapana, nikatia sahihi. Yeye alishika kalamu muda mrefu akinitazama, kisha naye akatia sahihi, kwa ajili yangu. Kwa hiyo ukweli wangu una doa, na kesho nikiusema huenda ukatumika kuzitupa kura zilezile ninazotaka kuziokoa. Nalijua hilo. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma. Huenda nikashtakiwa mimi. Huenda sanduku letu la barua likafuata, na Gordon hatasikia hata risasi. Hata hivyo nitaupeleka ukweli mzima, na simu yangu, na saa na tarehe zake. Watu mia tatu na kumi na mbili walitembea kwenye theluji na bahasha zao wakiamini kuna wanawake wawili wanaochungana. Wamo wa chama chetu humo, pengine umo na wewe. Mmoja wa wanawake hao alikuwa akifanya kazi yake, na mwingine alikuwa akigeuza pasti.

Karatasi yako nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sikuitia sahihi.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko risasi na wanaume wa dukani. Ile video iliyokatwa ukiitazama haionyeshi ni wapi. Ni kioo cha gari, theluji na mti mmoja wa msonobari, na mti huo uko kila uwanja wa kaunti hii. Watu wanabishana kama ni kwenye mgodi wa zamani au nyuma ya ukumbi. Mimi sikumwambia mtu yeyote, hata Gordon. Rosalie hakusema. Lakini karatasi uliyoniletea imeandika kwamba gari lilisimama uani kwangu. Nimejiuliza siku tatu aliyeiandika alijuaje, na jibu ni moja tu: aliiona video nzima, inayoanzia kwenye ngazi za baraza yangu, na aliisikia sauti yangu.

Nilimtumia mtu mmoja tu, siku ileile, kwa kuchekeshana. Nilimtumia wifi Janine. Na simu ya wifi hukaa juu ya meza yenu ya jikoni haina hata namba ya siri, nyinyi wawili mnajua hivyo na mimi najua.

Sikuulizi kitu. Ukinijibu uongo itabidi nikuamini, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Ila kesho wataniuliza nilimtumia nani, na nitakuwa nimeapa. Nitataja jina moja tu, la wifi, kwa kuwa ndilo peke yake ninalolijua kwa hakika. Mpaka kufika jioni kaunti nzima italijua, pamoja na wale wa kwenye mashine ya kahawa. Wewe umeona wiki hizi mbili ni nini kinachompata mwanamke likitajwa jina lake peke yake.

Kama kuna jina jingine, mwenye nalo ana muda mpaka saa tatu.

Nisalimie wifi sana, mwambie nampenda na simshuku kwa lolote. Wasalimie watoto wakipiga simu. Gordon anakusalimu, na anasema goti lipakwe mafuta ya moto, usiliwekee barafu. Mungu akulinde, kaka, na atulinde na sisi njiani kesho.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Elna