Mbao Nilizozipaka Oili

Baba,

Wamenichagua mimi. Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alisimama akatangaza kwamba ile nyumba kuukuu ya misheni, uliyoitunza maisha yako yote kisha ukaibomoa ubao kwa ubao kwa sababu korongo lilikuwa linakula msingi, sasa itasimamishwa tena huku juu Rukanga. Na kwa kuwa wewe hupo, msimamizi ni Mghoi, binti yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Naogopa, Baba. Hata kukuandikia hili naogopa.

Unakumbuka ulivyoandika namba kwenye kila ubao kwa makaa? Ukanionya, "Mghoi, hizi zikipotea, nyumba imepotea." Nikacheka. Basi, tulipokwisha kukuzika, niliona mchwa wanapanda kwenye rundo la mbao nyuma ya jiko. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya kwa nguzo za zizi. Nilishuka Voi, gereji wakanipa debe la oili chafu, nikapaka kila ubao, mbele na nyuma. Nikajisifu kabisa! Asubuhi nikaenda kutazama. Nyeusi juu ya nyeusi. Hakuna namba hata moja.

Sijamwambia mtu. Mzee wa kanisa akipita ananiita, "Hujambo, msimamizi?" nami najifanya nina haraka. Fundi kutoka Wundanyi anafika kesho. Atauliza tuanze na ubao upi, nami nitamwambia nini? Watasema heri wangempa mwanamume. Wengine wameshasema.

Leo nimezigeuza zote, mojamoja, mpaka mikono ikanuka gereji. Nililia, Baba, sikufichi. Kisha kidole kikaingia kwenye mkato. Chini yake mwingine, na mwingine. Mwimo wa mlango wa jikoni! Kila Krismasi ulinisimamisha pale ukakata kwa kisu juu ya kichwa changu, Mama akikufokea kwamba unaharibu mali ya misheni.

Ni mmoja tu, na mbao ni nyingi mno. Lakini huu najua ulikaa wapi, na upande wake wa juu ni upi.

Kwa heri, Baba. Nakuahidi kesho nitasema kosa langu kwanza, mbele ya fundi na mzee wa kanisa, hata wakininyang'anya kazi. Halafu nitawaonyesha mwimo. Mwimo ukisimama tena, nitajipima kwenye mikato yako.

Mghoi wako