Ubatizo Kwenye Tangi la Mzee Massoudi

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano baada ya Pasaka, 1998

Mama yangu mpendwa Scholastique,

Salamu nyingi katika jina la Bwana Yesu. Unaamkaje huko Uvira? Goti lako limepoa, au bado linakutangazia mvua kabla mawingu hayajaja? Na wajomba, na majirani, wote wazima? Sisi hapa Mungu anatutunza. Mimi mzima, Sylvère mzima, cherehani nayo nzima, isipokuwa mkanda wake umelegea kama suruali ya mzee. Risasi tunazisikia huko milimani kama kawaida, lakini mtaa wetu umetulia, na Pasaka tumeila kwa furaha ambayo nimeshindwa kuinyamazia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Barua hii anakuletea Musafiri, yule muuza mawese anayevuka Gatumba kila wiki. Nimemwomba akae hapo mpaka umalize kusoma, kwa sababu nakujua. Ukifika mahali nitakapomtaja mtu fulani, utataka kuikunja na kuisukuma chini ya godoro. Tafadhali usiikunje.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Najua uliniambia nisikutajie habari zake tena. Tangu siku ya posa, alipokuja kwetu Uvira na wajumbe wa mwanawe, ukampikia mukeke mkubwa kuliko wote waliotoka ziwani asubuhi ile, naye akaiacha sahani bila kuigusa mbele ya ndugu zako wote, ulisema huna mkwe Burundi. Harusini hukuja. Nyumba yangu hujaiona. Kila nikikualika unanijibu kwamba mguu wako hautakanyaga mahali anapokaa mwanamke aliyekataa chakula chako. Mama, mimi nakaa katikati yenu na nimechoka. Nataka kitu kimoja tu: wewe na yeye mkae mkeka mmoja, nami niwaone kwa macho yangu. Sasa nisikilize.

Kwanza nikueleze tunavyoishi. Alfajiri, Mzee Massoudi, mwenye nyumba wetu, anatoka kwenda msikitini. Ana kikohozi cha wachomeleaji, kile cha moshi wa vyuma, na kikohozi hicho ndicho saa yetu. Tukikisikia tunaamka na sisi, tunapiga magoti, tunamshukuru Mungu kwa kutuamsha. Kisha Sylvère anaenda kwenye bohari ya saruji kule Zone Industrielle, na kabla ya kuanza kupakua anaomba pamoja na makuli wenzake, wanaotoka mitaa ambayo siku hizi haitembeleani. Mimi nafungua cherehani barazani na kuanza kuimba. Siku nikichelewa kuimba, mke wa mzee, Mama Mwantum, anakuja kuuliza kama naumwa. Yeye na Qurani yake, mimi na nyimbo zangu, tunakaa baraza moja na hatujawahi kugombana, ila mara moja tu kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo.

Hata kesha hatujaacha. Kwa kuwa usiku hakuna ruhusa ya kutoka, tunakesha mchana! Tunafunga madirisha ya kanisa saa nne asubuhi, tunaimba mpaka saa kumi, halafu Mchungaji Anselme anatuambia kumekucha, na sote tunatoka nje tukijikinga jua. Cheka tu, nasi tunacheka.

Na jioni, kabla ya kula, tunaomba nyumbani. Kila mtu anataja kwa sauti watu anaowabeba moyoni. Mimi naanza na wewe, kila siku, kwa jina lako kamili.

Sasa Mukecuru. Ndivyo anavyoitwa hapa uani, maana ndiyo heshima ya mwanamke mzee kwa Kirundi, ingawa jina lake ni Butoyi. Alikuja kwetu vita ilipopita kwenye kilima chao, hana kitu zaidi ya kanga mbili na mbabura, lile jiko dogo la makaa. Sikukuficha wakati ule na sikufichi leo: nililia. Chumba kimoja na sebule, na mama mkwe asiyenitazama usoni! Alipika chakula chake mwenyewe kwenye mbabura yake. Changu hakukigusa. Nikimwamkia aliitika, nikimwuliza alijibu, basi, maneno yake na mimi yaliishia hapo. Wakati wa maombi aliketi mlangoni, mgongo kwetu, akichambua maharage. Nikasema moyoni, Mama alikuwa na haki.

Lakini nikaendelea kuimba, maana ningefanya nini? Sylvère naye hakumlazimisha mama yake hata siku moja. Tukaishi hivyo mpaka ulipopita mwaka na zaidi.

Siku moja, baada ya asubuhi mbaya ambapo milio ya mizinga ilikuwa imetikisa mabati, Mukecuru aliweka ungo chini na kugeuka. Alimwuliza mwanawe kwamba huyo tunayemshukuru kila kukicha ni nani hasa, kwa sababu yeye ameona watu wengi wakishukuru wakishapata, lakini hawa wa nyumba hii wanashukuru hata wakiamka na njaa. Akasema anataka kumjua. Mama, sufuria iliungua jikoni na hakuna aliyeinuka kuitoa.

Alianza kwenda kwenye mafundisho. Hajui kusoma, lakini alishika kila kitu kichwani, na mchungaji akimwuliza swali alijibu kwa maneno yake ya mlimani mpaka darasa zima linacheka. Ikafika wakati wa kubatizwa, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kanisa letu linabatiza ziwani, upande wa Kibenga. Tulipanga Jumapili, tukafika na nyimbo zetu, tukakuta wanajeshi wamefunga ufuko. Walituambia kwa adabu turudi. Hata bila wao, viboko wawili walikuwa wamelala pale pale penye maji mafupi, na sikuona muumini aliyekuwa na haraka. Mara ya pili barabara zilifungwa na mji ukalala siku nzima. Mchungaji Anselme alimwonea huruma akamwambia kwamba kwa mtu wa umri wake Mungu hawezi kukataa maji kidogo ya kumwagiwa kichwani. Mukecuru alikasirika. Nakuandikia kama alivyosema, kwa Kiswahili chake: “Apana! Mi siko mutoto wa kunawisha uso. Mi naingia mu maji yote, ao naacha.”

Akarudi kukaa mlangoni, mgongo kwetu. Nilifikiri tumempoteza, Mama. Nilimwombea kuliko nilivyowahi kumwombea mtu, na nilishangaa mwenyewe, kwa sababu niligundua kwamba nampenda.

Mzee Massoudi alikuwa amesikia yote, maana kuta zetu ni nyembamba. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na tangi la lori la mafuta, ambalo alikuwa amelikata ubavu ili alifanye mapipa. Alimwita Sylvère akamwuliza kama maji ya tangi yana kasoro katika dini yetu. Sylvère akasema hapana, mradi yawe mengi. Mzee akasema basi, mapipa yatangoja. Kwetu, alisema, hatusimami mbele ya Mungu bila kujitia maji, nitamzuiaje mama mzee anayetaka maji. Akachomelea ngazi ndani na nje, akapiga msasa kingo zote zisije zikamkata mtu.

Harufu ya mazutu, yale mafuta ya lori, ndiyo iliyotutesa. Tulisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu. Mama Mwantum alikunja mikono ya gauni akaingia ndani ya tangi mwenyewe, sauti yake ikitoka humo utadhani ni mnara wa msikiti. Binti zake, Houda na Hayat, walipanga foleni kwenye robine, bomba la maji la mtaa, na mabidoni ya kuchotea pamoja na wanakwaya wetu, wakibishana nani anamwaga njiani. Jumamosi jioni tangi lilijaa.

Mimi nilikuwa na kazi ya kanzu. Wenzake wanne wa ubatizo niliwapima haraka, Mukecuru nikamwacha mwisho, kwa kuogopa. Alisimama katikati ya chumba akanyoosha mikono. Nilipomzungushia utepe wa kupimia kifuani nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio, na sikuwa nimewahi kumgusa. Aliniuliza kama kanzu haitaelea juu ya maji na kumwaibisha mbele ya wanaume. Nikamwambia nitashona nati kwenye pindo. Akaniuliza nati ni nini. Nilipomwonyesha zile za Mzee Massoudi mkononi alicheka, jino lake moja la mbele likaonekana, na akanipiga bega kidogo, kama anavyompiga mwanawe.

Basi Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, kanisa zima lilikuja uani kwa Mzee Massoudi. Watu walijaa mpaka juu ya matairi. Mukecuru alipanda ngazi, nati zikilia pindoni chiri-chiri, na watoto wakacheka, na yeye akacheka. Mchungaji Anselme alikuwa tayari ndani, maji kifuani, akitetemeka. Akamshika, akamzamisha, na Mama, alizama mwili wote, hata kitambaa cha kichwa. Alipotoka alipiga kelele ya furaha ambayo sijui niiandike vipi. Mzee Massoudi alisema “Alhamdulillahi!” kabla mchungaji hajasema Amina. Mama Mwantum alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mimi nililia kwa sauti, sioni haya kukuambia.

Sasa Mama, keti vizuri. Hapa ndipo ninapotaka kufika.

Kwetu mtu mzima akibatizwa anachagua jina jipya, naye anatajwa kwa jina hilo kabla ya kuzamishwa. Mchungaji alikuwa amempa majina ya kuchagua, Ester, Marta, Raheli, na Mukecuru alikuwa amenyamaza wiki nzima. Hata mwanawe alikuwa hajui. Pale majini mchungaji alipomwuliza anataka aitwe nani, alisema kwa nguvu, wote tukasikia: “Scholastique.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba jina hilo halimo katika Biblia. Mukecuru akamjibu kwamba kama halimo katika Biblia, limo katika maombi, kwa sababu yeye amelisikia kila jioni tangu alipoingia nyumba ile, na mtu anayetajwa mbele ya Mungu kila jioni bila kukosa lazima awe anajulikana huko mbinguni. Mchungaji akamtazama, akanitazama mimi, akambatiza.

Jioni alikuja kukaa karibu na cherehani, nywele bado zina maji. Akaniambia habari ya sahani yako. Mama, kule kwao mlimani wazee hawali samaki. Hajawahi kuonja samaki maishani mwake. Siku ile ya posa alimwona mukeke mzima na macho yake, akaogopa kwamba akimweka mdomoni atatapika mbele ya wakwe, na akaona aibu kusema kwamba hajui kula kitu wanachokula watu wa mjini. Akadhani na wewe umefanya makusudi, umcheke kama mshamba. Kwa hiyo kila mmoja wenu alirudi na kidonda, na wote wawili hamkuwa na kosa! Nimekasirika na nimecheka, vyote kwa pamoja. Hata chakula changu, kumbe alikuwa akinusa dagaa katika sufuria zangu zote.

Jana akataka kujaribu. Nilimkaangia mukeke kama unavyomkaanga wewe, na nyanya na ndimu. Alisali, akafumba macho, akatafuna kipande kidogo cha mkia. Uso wake, Mama! Akakitema kwenye kiganja, akampa paka wa Mama Mwantum, akafuta machozi ya kucheka na kuniambia: “Wandikie mama yako. Si yeye. Ni samaki.”

Lakini kuna jambo moja amelikataa kabisa. Hataki mtu amwite Scholastique. Anasema jina ameliomba mbele ya Mungu, bado hajaliomba mbele ya mwenyewe, na mpaka mwenye jina akubali, yeye atangoja. Kanisani hawajui wamwite nani. Butoyi wanaona limepitwa, jipya wamekatazwa, kwa hiyo wengine wanamwita Mama wa Tangi, na hilo nalo halimfurahishi. Jumapili atapokea meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na mchungaji atapaswa kumtaja.

Sasa hivi ameketi hapa kando, ananiuliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye jina. Ameinamisha kichwa.

Musafiri anarudi huku Jumamosi. Nafasi katika lori lake ipo, goti lako litakaa mbele karibu na dereva, na nitakupikia sombe ya majani ya muhogo isiyo na dagaa ili mle sahani moja. Ukishindwa kuja, basi tuma neno. Ila usinijibu mimi, Mama. Mjibu yeye, na umwite kwa jina.

Wasalimie wajomba wote na waumini wenzako. Mzee Massoudi na nyumba yake wanakuamkia, Sylvère anakupigia magoti. Mungu akufunike na akuvushe salama.

Binti yako akupendaye,

Olga