Nimeibembeleza alumini

Shoga, nimekwisha. Nimejifungia kwenye choo cha karakana.

Ile alumini ya baba mkwe, kipande cha mwisho, nimekiharibu.

Na aliniambia kwa mdomo wake: "Mwanangu, weka kisu cha meno mawili kwenye mashine, kizunguke mbio. Alumini haitaki kubembelezwa."

Mimi sikubadilisha, nikaacha kwenye mashine kile cha meno manne tulichochongea chuma jana. Halafu kwa woga nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena.

Chenga za alumini zikakosa pa kutokea, zikayeyuka, zikagandia kwenye meno. Kisu kikakatika, nusu imebaki humo humo ndani ya kipande.

Niliibembeleza, shoga. Niliibembeleza.

Sasa baba mkwe anagonga mlango. Mashine hajaiona bado. Anasema, "Toka mwanangu, mteja amefika. Nimemsifia fundi wangu, anataka kukuona kwa macho."